Alitosha Kusaini, Hakutosha Kualikwa

Hotuba hii niliitoa Bagamoyo mbele ya walimu, wanafunzi na wazee wa mji. Walioshindwa kufika wameomba maandishi, na haya hapa. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Maneno ni yaleyale, hata yale niliyochomekea bila kupanga.

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, wanafunzi, na nyinyi mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha, asanteni sana kwa kuja.

Mada niliyopewa ina jina refu la kutisha: ukosoaji wa nadharia za uhusiano wa kimataifa, kuhusu utaratibu na haki, kwa jicho la waliotawaliwa. Kijana mmoja aliona tangazo mlangoni akaniuliza kama mkutano utakuwa wa Kiswahili. Nikamwambia utakuwa wa Kiswahili, tena cha kawaida, maana sehemu kubwa ya mambo yenyewe imetokea pwani hii hii, kati ya hapa tulipo na Saadani na Pangani.

Swali langu ni hili. Wakubwa wa dunia wanaposema wanataka utulivu, utulivu huo ni wa nani? Na gharama yake inalipwa na nani?

Alikuwepo msomi mmoja wa Australia, Hedley Bull, aliyefundisha Oxford. Mwaka 1977 alitoa kitabu ambacho mpaka leo mwanafunzi wa siasa za dunia hawezi kukikwepa. Hoja yake ni nzito. Dunia, anasema, haina serikali juu ya serikali, lakini si vurugu tupu. Mikataba huheshimiwa. Mabalozi hawaguswi. Mipaka hutambuliwa. Vita navyo vina miiko. Huo ndio utaratibu. Na haki je? Haki ni kitu kizuri, lakini inahitaji utaratibu ili isimame. Ukibomoa utaratibu kwa kuitafuta haki, waweza kukosa vyote viwili. Bull hakuwa mtu wa kupuuza wengine. Mwaka 1983, miaka miwili kabla hajafa, alitoa mihadhara Canada akakiri kwamba utaratibu usiosikia madai ya nchi maskini hautadumu. Kwa hiyo leo sikuja kumpiga mawe.

Ndani ya kitabu hicho, Bull anamtaja mtu wetu wa pwani: Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa mwaka 1933, aliyefundisha Makerere mpaka enzi za Idi Amin. Mazrui alikuwa ameona jambo katika Hati ya Umoja wa Mataifa. Mataifa makubwa yaliyoiandika mwaka 1945 yalitanguliza amani na usalama, haki za binadamu zikafuata nyuma. Nchi za Afrika na Asia zilipoingia zilitaka kuigeuza foleni hiyo.

Bull anaieleza tofauti hiyo kana kwamba kila upande una kipaumbele chake. Mimi nasema ni tofauti ya mahali mtu alipokaa. Ndani ya daladala, aliyepata kiti ndiye husema, "Jamani tulieni, tutafika." Aliyening'inia mlangoni husema, "Sogeeni!" Wote wawili wanataka kufika. Lakini huyu wa mlangoni akidondoka, gari litaendelea, na waliokaa watasema safari ilikuwa salama.

Mwaka ule wa 1945 nchi waanzilishi wa Umoja wa Mataifa zilikuwa 51. Za Afrika zilikuwa ngapi? Nne tu: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini. Tena utangulizi wa Hati ile, wenye maneno mazuri kuhusu haki za binadamu, rasimu yake ilitoka kwa Jan Smuts, waziri mkuu wa Afrika Kusini, nchi iliyokuwa imemfungia Mwafrika milango ya ardhi kwa sheria tangu 1913. Hilo tuliache lilivyo.

Ndugu zangu, twende Berlin, halafu turudi nyumbani.

Mkutano wa Berlin ulianza tarehe 15 Novemba 1884 ukafungwa tarehe 26 Februari 1885. Mezani yalikaa mataifa 14. Mwafrika hata mmoja hakuwepo. Hayo mnayajua tangu shule ya msingi. Ambalo hatulifundishi sana ni la siku iliyofuata. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya kufunga mkutano, Kaizari wa Ujerumani alitoa hati ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters juu ya Usagara, Nguu, Uzigua na Ukami. Peters alikuwa ametua Saadani, jirani zetu hawa, Novemba 1884. Akazunguka bara kwa majuma machache akikusanya alama za machifu kwenye karatasi. Mmoja wao ni Mangungo wa Msovero, kule Usagara. Mpaka leo, mkataba mbaya ukitiwa saini nchini, hukosi kumsikia mtu akimtaja Mangungo.

Tunamcheka kwamba hakujua kusoma. Mimi swali langu nawapelekea wale waliojua kusoma, wanasheria wa Ulaya. Wao walifundisha kwamba jamii za Kiafrika si dola na hazimo katika ukoo wa mataifa. Haya, tukubali. Kama Mangungo hakuwa na dola, basi pale Msovero alimpa Peters kitu gani? Asiye na mamlaka anayahamishaje mamlaka kwa alama ya kalamu? Na kama alikuwa nayo, kwa nini hakualikwa Berlin?

Mwanasheria wa Sri Lanka, Antony Anghie, amelichambua fumbo hili kwa kina. Mwafrika alitambuliwa na sheria ya mataifa kwa muda wa kutosha tu kujinyima. Alitosha kusaini. Hakutosha kualikwa.

Mtasema huyo alikuwa chifu wa kijiji. Haya, tumtazame Sultani wa Zanzibar, aliyekuwa na mabalozi wa kigeni pale kwake na mikataba ya biashara na mataifa makubwa. Agosti 1885 meli za kivita za Ujerumani zilitia nanga mbele ya kasri la Barghash, akakubali asichokitaka. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zikakubaliana wenyewe kwa wenyewe kwamba mamlaka yake ya pwani yaishie maili 10 kutoka baharini. Aprili 1888 ndugu yake Khalifa, aliyemrithi, akasaini kuikodisha pwani hiyo kwa kampuni ya Kijerumani kwa miaka 50. Na mwaka 1890 Ujerumani ikalipa mark milioni 4 ikaichukua moja kwa moja. Hapo je? Alitosha kusaini. Hakutosha kualikwa.

Sasa njooni Pangani, Agosti 1888. Mkataba wa Khalifa umesainiwa Zanzibar, kampuni inakuja kuutekeleza. Afisa wake anaitwa Emil von Zelewski. Anataka bendera ya kampuni ipandishwe. Liwali anakataa, anasema hana agizo la Sultani. Wanashushwa askari wa majini kutoka melini, wanamsaka liwali, wanaingia msikitini na viatu, na mbwa. Na mbwa, wazee wangu! (Huyo Zelewski ndiye Wahehe waliyemmaliza Lugalo Agosti 1891, lakini hiyo ni hotuba ya siku nyingine.)

Kilichofuata mnakijua kuliko mimi. Abushiri bin Salim akasimama Pangani, Bwana Heri akasimama Saadani, na Septemba moto ukafika hapa Bagamoyo. Wajerumani wakauita uasi wa Waarabu. Waarabu? Walikuwemo Washirazi wa miji, wakulima wa Kizigua, na wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wamefika na misafara. Kuuita wa Waarabu kulikuwa na faida yake, kwa sababu Mwarabu ndiye aliyekuwa ameshatangazwa kule Ulaya kuwa mfanyabiashara wa watumwa. Desemba 1888 meli za Ujerumani na Uingereza zikaifunga pwani yote, kwa jina la kuzuia watumwa na silaha. Januari 1889 Bunge la Ujerumani likapitisha mark milioni 2 kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani. Sikilizeni yalivyounganishwa hayo mawili katika fungu moja la fedha! Afisa wa Kijerumani aliyepewa kazi hiyo, Hermann Wissmann, akaajiri askari wa Kisudani kule Cairo na Washangaan kutoka Msumbiji. Tarehe 8 Mei 1889 wakalivunja boma la Abushiri, si mbali na hapa tulipokaa. Tarehe 15 Desemba mwaka huo Abushiri akanyongwa Pangani.

Niwaulize basi. Vita vimepiganwa kwa jina la kuwakomboa watumwa. Vimekwisha. Utumwa ulifutwa lini Tanganyika?

(Hapa ukumbi ulinyamaza, kisha mwanafunzi mmoja akasema 1890, mwingine 1897.)

1897 ni Zanzibar, kijana wangu, uko karibu. Tanganyika ulifutwa mwaka 1922, na Mwingereza. Mjerumani alitangaza tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwisho wa 1905 watakuwa huru. Alitawala karibu miaka 30, akashindwa vita, akaondoka, na utumwa bado ulikuwa halali kwa sheria zake.

Kina Bull walieleza kwamba utaratibu wa mataifa ulizaliwa Ulaya, ukapanuka taratibu mpaka ukaifikia dunia nzima. Wanaowakosoa, na mimi nimo, wanauliza: huko ulikopanukia, uliwafikiaje watu? Kilichoandikwa Berlin kama utaratibu, Pangani kilifika kama mbwa msikitini. Ukisimama Berlin unaona kanuni zinaenea. Ukisimama Pangani unaona zilizokuwepo zinavunjwa: mgawo wa ushuru wa misafara waliouzoea majumbe, kauli ya liwali, heshima ya mahali pa ibada. Kwa hiyo msemo wa "utaratibu kwanza, haki baadaye" haukuwa mpangilio wa wakati kwetu. Kwetu hivyo viwili viliondoka siku moja.

Lakini msitoke hapa mkidhani nawatakasa waliokuwepo kabla. Misafara iliyoishia Bagamoyo ilileta pembe za ndovu, na ilileta watu. Abushiri mwenyewe alikuwa na shamba la miwa Pangani, na waliolilima walikuwa watumwa. Yule mtu aliyekuwa kwenye mnyororo hakuulizwa na Sultani, hakuulizwa na Abushiri, hakuulizwa na Bismarck, chansela wa Ujerumani. Baadhi ya wakosoaji wenzangu humruka. Wanalia na Mzungu kwa kumnyang'anya mwenye shamba, wanamsahau mwenye jembe. Mimi ukosoaji wa namna hiyo siutaki, maana unadai haki ya kiti cha mbele tu.

Dakika moja tu kuhusu elimu yenyewe, kisha nisonge. Wengi hudhani somo la uhusiano wa kimataifa lilianza 1919, baada ya vita, watu wema wakitafuta amani. Lakini Marekani lilikuwepo jarida lililoanzishwa mwaka 1910 likiitwa jarida la maendeleo ya rangi za watu, yaani jinsi watu weupe watakavyowasimamia wengine. Mwaka 1919 likabadilishwa jina, likawa jarida la uhusiano wa kimataifa. Mwaka 1922 likamezwa na Foreign Affairs, ambalo mabalozi wetu wanalisoma mpaka leo. Na 1919 hiyo hiyo, kule Paris, Japani iliomba kanuni ya usawa wa mataifa iingizwe katika mkataba wa Shirikisho la Mataifa, chombo kilichoutangulia Umoja wa Mataifa. Wajumbe 11 kati ya 17 waliunga mkono. Rais Wilson wa Marekani, akiwa mwenyekiti, akasema jambo zito kama hilo linahitaji wote wakubali. Likafa.

Kuna kisa kingine ambacho nikikifundisha wanafunzi hukasirika, na nawaacha wakasirike. Baada ya Vita vya Kwanza, makoloni ya Mjerumani yaligawanywa kwa udhamini. Sisi tukapewa Mwingereza, Namibia ikapewa Afrika Kusini. Hati ya Shirikisho la Mataifa iliuita udhamini huo amana takatifu ya ustaarabu, kwa ajili ya watu wasioweza bado kusimama wenyewe. Amana takatifu! Mwaka 1960 Ethiopia na Liberia zikaenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, zikasema: Afrika Kusini imeivunja amana, imepeleka ubaguzi wa rangi Namibia. Kesi ikachukua karibu miaka sita. Tarehe 18 Julai 1966 hukumu ikatoka. Majaji saba huku, saba kule. Rais wa mahakama, Percy Spender wa Australia, akatumia kura yake ya ziada. Wakaamua nini? Kwamba Ethiopia na Liberia hazina maslahi ya kisheria katika jambo hilo. Hawakusema ubaguzi ni halali. Hawakusema si halali. Walisema tu: halikuhusuni.

Je, lilimhusu nani? Wanamibia wenyewe hawakuruhusiwa kushtaki kwa kuwa hawakuwa dola. Dola za Kiafrika ziliposhtaki kwa niaba yao, zikaambiwa si jambo lenu. Mlango ulikuwepo, umepakwa rangi nzuri, ila hakuna mtu aliyeumbwa kuupita. Namibia ilipata uhuru Machi 1990, baada ya bunduki na baada ya kesi, na vijana waliopita kambi za Tanzania wanajua uwiano wa hivyo viwili.

Haya, sasa nakigeuza kibao kwetu. Maana ni rahisi kukaa Bagamoyo na kumlaumu Bismarck, hatakujibu. Sisi tulipopata kiti, tulifanya nini?

Mwaka 1921 Uingereza, ikiwa mdhamini wetu, iliikodisha Ubelgiji maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma. Kwa muda gani? Milele. Kwa kodi gani? Faranga 1 kwa mwaka. Hamkusikia vibaya, moja. Tarehe 30 Novemba 1961, siku tisa kabla ya uhuru, Mwalimu Nyerere alisimama bungeni akaukataa ukodishaji huo. Hoja yake ilikuwa ya mtu aliyekaa na wanasheria usiku kucha: mdhamini hawezi kugawa milele kitu ambacho si chake, alichokabidhiwa kwa muda. Aliichukua ile amana takatifu yao, akawasomea wenyewe.

Akaenda mbele. Mikataba yote ambayo Mwingereza aliingia na nchi nyingine kwa niaba ya Tanganyika tutaiheshimu miaka miwili. Ndani ya muda huo tuijadili upya. Usipojadiliwa na hauna msingi katika sheria ya kawaida ya mataifa, umekufa. Wanasheria duniani waliipa kanuni hiyo jina lake, na nchi nyingine za Afrika zikaiga. Julai 1962 serikali ikaziandikia Uingereza, Misri na Sudan: makubaliano ya mto Nile ya 1929 hayatufungi. Yale ya 1929 yalikuwa barua zilizobadilishana mikono kati ya Misri na Uingereza, zikasema asijenge mtu kitu mtoni wala katika maziwa ya nchi zilizo chini ya Mwingereza, kitakachopunguza maji ya Misri, bila Misri kukubali. Wasukuma na Wakerewe wa ziwani hawakuulizwa. Ndiyo maana maji ya Ziwa Victoria yalipovutwa mpaka Kahama na Shinyanga, hatukuomba ruhusa ya Cairo.

Angalieni alichokifanya Mwalimu, kwa sababu hapa ndipo penye ukosoaji wa kweli. Hakuichana mikataba. Aliweka muda, akaweka utaratibu, akawaita mezani. Bull angeogopa nini hapo? Kilichobadilika ni jambo moja tu: safari hii anayetosha kusaini ndiye aliyealikwa.

Kisha inakuja Cairo, Julai 1964, mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU. Hapo ni Mwalimu huyo huyo aliyetoa hoja kwamba mipaka ya kikoloni tuliyoikuta siku ya uhuru tuiheshimu. Ile ya rula! Ile ya Berlin! Somalia na Morocco zilikataa. Wasomali waliuliza swali zuri: haki ya ndugu zetu walioachwa upande wa pili iko wapi? Afrika ikawajibu kama Bull: utulivu kwanza. Nani kati yenu ataniambia hapo hatukuwa tumekaa kitini tukisema "tulieni"?

Halafu Aprili 1968 Tanzania hiyo hiyo ikaitambua Biafra, jimbo lililojitenga na Nigeria, ikawa nchi ya kwanza kufanya hivyo, kwa hoja kwamba umoja wa dola hauwezi kulindwa kwa kuwaua watu ambao dola iliundwa kwa ajili yao. Na mwaka 1978 Amin akavamia Kagera, akatangaza kwamba ni ya Uganda. Kwa nini Kagera? Kwa sababu mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890, ule ule uliohusu Zanzibar na pwani yetu hii, ulichora mstari ulionyooka kwenye nyuzi 1 kusini, ukauacha mto upande wetu. Tulimfukuza Amin kwa kuutetea mstari wa mkoloni, kisha tukauvuka mstari huo huo mpaka Kampala, tarehe 11 Aprili 1979. Julai, kule Monrovia, Sudan na Nigeria zikatushutumu mbele ya OAU kwa kuvunja utaratibu tulioupendekeza sisi wenyewe.

Mimi nina maoni yangu. Cairo naitetea, ingawa Wasomali waliilipia. Kagera naitetea bila kusita. Biafra bado nabishana na nafsi yangu, siku nyingine nashinda, siku nyingine nashindwa. Ninachokataa ni yule msomi anayesema Afrika hutaka haki na Ulaya hutaka utulivu, kana kwamba tumezaliwa hivyo. Tumevitaka vyote viwili, na tumewahi kumnyima mwenzetu kimoja ili tubaki na kingine. Leo Afrika inadai viti viwili vya kudumu katika Baraza la Usalama, pamoja na kura ya turufu. Msimamo huo umeandikwa tangu 2005. Vijana, mkiuunga mkono, na muunge, ulizeni pia atakayekaa hapo atamsikiliza nani aliye mlangoni.

Muda wangu umekwisha, mwenyekiti ameshanionyesha saa mara ya pili. Maswali sasa. Mzee wangu wa kanzu pale mbele amenyoosha mkono tangu nilipoitaja Kagera, na nadhani yeye alikuwepo. Maiki apelekewe yeye kwanza.